Kabla ya kuuliza mti gani, tazameni maji yanapita wapi

Katibu, umeuliza mpande nini kando ya barabara za mtaa wenu kule Nyalenda, karibu na mto Auji, kwa kuwa mfadhili amewaahidi miche ya mikaratusi. Nina kitalu hapa Kisumu na nimepanda miti na kamati za mitaa kama yenu, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Mikaratusi msiipokee. Udongo wenu ni ule mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka jua likiwaka. Mkaratusi hunywa maji mengi mno. Ukiwa karibu na nyumba, udongo husinyaa chini ya msingi na kuta hupata nyufa. Mwambieni mfadhili mapema abadilishe aina. Akielezwa sababu, aghalabu hukubali.

Halafu subirini mvua kubwa inyeshe, mvae gambuti, mtembee mtaa mzima. Maji huteremka kutoka vilima vya Kajulu, yanapita Manyatta, yanawafikia ninyi kabla ya kuingia ziwani. Andikeni kwenye ramani yanapotuama, yanapokimbia, na mfereji upi umezibwa na plastiki. Nimeona miche mizuri ikipandwa katikati ya njia ya maji, ikasombwa yote pamoja na vijiti vyake.

Pale yanapotuama, shimo la futi mbili hugeuka beseni. Mfinyanzi hauyapitishi maji haraka, mizizi inakosa hewa, mche unaoza. Inueni tuta la udongo uliochanganywa na samadi, mpande juu yake. Hapo zambarau, ile tunayoiita jamna, itavumilia. Watoto wataifurahia sana, lakini matunda yake yanateleza na kuchafua nguo, basi isikae juu ya njia ya miguu wala vibanda vya mitumba. Mwarobaini na siala, ule mti wa kienyeji wenye maua ya njano, havipendi miguu ndani ya maji. Vipelekeni kwenye miinuko. Ng'owo, mti wa jamii ya mkuyu, ni wa ukingoni mwa Auji tu, hushika udongo vizuri sana. Karibu na nyumba au bomba la maji, hapana.

Nikitoka kwenye miti kidogo: mifereji nayo ni sehemu ya kazi hii, na mimi naisisitiza hata kuliko miche. Msikubali yote ijengwe kwa saruji. Penye nafasi, chimbeni mfereji mpana usio na kina kirefu, mpande nyasi ndani. Kwa udongo wenu maji hayatazama yote ardhini, lakini yatapunguza kasi na kuacha matope njiani badala ya kuyamwaga kwa jirani wa chini.

Msimu nao ni muhimu. Siku ya kitaifa ya kupanda miti ya 13 Novemba 2023 iliamsha watu wengi, na niliifurahia. Ila kwa Kisumu, mche wa Novemba unakutana na jua la Januari na Februari kabla mizizi haijaenda chini. Ninyi pandeni mvua za Machi na Aprili zikishashika.

Mbuzi ndio watakaowasumbua kuliko jua. Tengeni pesa nyingi zaidi kwa uzio wa kila mche kuliko kwa miche yenyewe, hata kama itabidi mpande michache. Kila mche uwe na nyumba moja inayoumwagilia, mpangiane kupitia ule mpango wa ujirani wa nyumba kumi. Na karibu na stegi ya bodaboda, wapeni vijana wa pale wauangalie. Wao wanakaa juani kutwa, kivuli wanakihitaji, na sijaona walinzi wa mti wanaowashinda.

Kando ya barabara si ardhi ya kamati, kwa hiyo pateni ruhusa ya kaunti kwa maandishi, na muulize bomba na nyaya za stima zinapita upande gani. Chini ya nyaya msipande mti mrefu. Utakatwa kichwa kila mwaka. Mkishamaliza ile ramani ya maji, iweke hapa hapa, nitakuonyesha tuta liwe wapi na mfereji uanzie wapi.