Je, simu yangu inaweza kupima mionzi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimepakua programu ya simu. Unaziba kamera kwa utepe mweusi, nayo inahesabu mionzi. Binamu yangu wa Kwale anasema udongo wa kilima cha Mrima una mionzi. Tukikusanya vijana wenye simu 1,000 zilizounganishwa kwa intaneti, tutapata ramani ya wilaya nzima? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi chumba cha eksirei miaka 22, beji ya kupimia mionzi kifuani kila siku, kwa hiyo swali lako limenigusa.

Programu hiyo haikudanganyi kabisa. Mionzi ya gama ikigonga kamera iliyozibwa huacha kidoa cheupe, na programu huhesabu vidoa hivyo. Lakini kitambuzi cha kamera ni kidogo kuliko ukucha wako, na simu ikipata joto nayo hutoa vidoa. Mionzi mikali itaonekana. Mionzi ya kawaida ya ardhini, ambayo mahali pengi ni kama mikrosivati 0.1 kwa saa (mikrosivati ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili), itapotea humo. Na simu 1,000 zinazokosea kwa namna ileile hazitasahihishana kwa wingi wao.

Wazo lako lenyewe la watu wengi ni zuri mno, na Japani wamelifanya. Baada ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi ulipoharibika, watu wengi wa mji wa Namie walikimbilia Tsushima, eneo la milimani kaskazini-magharibi. Upepo ukapeleka mionzi hukohuko. Walipikia watoto nje, siku kadhaa, katika mahali pabaya kuliko baadhi ya sehemu walizozihama. Kompyuta za serikali zilikuwa zimekadiria njia ya upepo ule, mji haukuambiwa. Jambo hili linaniuma hadi leo, kwa sababu namba ilikuwepo.

Mwaka huohuo wakajitokeza watu wa kujitolea wa Safecast. Wao hawakutegemea kamera. Walichukua mrija wa Geiger, yaani kifaa kinachohesabu mionzi, wakaunganisha na GPS, wakatia ndani ya kisanduku kinachofungwa nje ya dirisha la gari. Kila sekunde 5 kinaandika kiasi cha mionzi na mahali pake. Ukifika nyumbani unapakia mtandaoni, na yeyote anaruhusiwa kuzitumia data hizo. Barabara moja hupitwa na watu tofauti, siku tofauti, na hapo ndipo wingi unapofaa: kifaa kibovu kinajulikana mara moja kwa kutofautiana na wenzake.

Marekani nako, mwaka 2016, shirika la utafiti wa kijeshi la DARPA liliwapa mamia ya watu vipimaji vya ukubwa wa simu watembee navyo Washington, kila kimoja kikituma taarifa kupitia simu ya mchukuzi wake. Wao walitafuta mionzi inayosafirishwa kwa siri. Kazi hiyo ni ngumu zaidi, maana hata mgonjwa aliyetibiwa tezi ya shingo kwa iodini ya mionzi hukifanya kipimaji kilie, naye anapita zake tu barabarani.

Kwa Mrima, ambako ni kweli miamba ina thoriamu, madini yatoayo mionzi, tafuteni kipimaji kimoja cha Geiger chenye GPS badala ya simu 1,000. Mkifunge kwenye bodaboda, kimo cha mita moja hivi, mwende taratibu. Pimeni kwanza njia ya mbali na kilima ili mjue kawaida yenu ni ipi, ndipo mpande, na mrudie njia ileile siku nyingine.

Tena mwandike kama mvua imenyesha. Mvua huteremsha kutoka hewani mabaki ya radoni, gesi yenye mionzi inayotoka ardhini, na kwa saa moja au mbili namba hupanda hata pale ambapo ardhi haina kitu.