MAGAZIJUTO haisemi hivyo

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa darasa la saba alirahisisha 8x − 3x + 2x akapata 3x. Shuleni amekosa, lakini mwalimu wake wa tuisheni anashikilia kuwa mtoto yuko sahihi, kwa sababu MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) inataka ujumlishe kwanza ndipo utoe. Nimfuate nani?

JIBU: Marahaba. Mfuate wa shuleni, jibu ni 7x.

Kosa hili nimelisahihisha mara nyingi mno. Mtoto anaona JU imetangulia TO, basi anakimbilia 3x + 2x, anapata 5x, anaitoa kwenye 8x. Maana yake amefanya 8x − (3x + 2x), na mabano hayo hakuna aliyeyaandika. Kujumlisha na kutoa vina hadhi moja: unaanza kushoto kwenda kulia. Ukitaka kupanga upya, panga, ila kila alama ihame na namba iliyo kulia kwake: 8x + 2x − 3x.

Mwambie hivi: ulikuwa na shilingi 8,000, ukanunua mkaa wa 3,000, jirani akakurudishia 2,000 aliyokopa. Una 7,000. Hakuna mtoto atakayekwambia zimebaki 3,000.

Kujikagua kwa kuweka namba badala ya x, njia ninayoipenda siku zote, hapa hakumwokoi. Ataweka 3, aandike 24 − 9 + 6, ajumlishe 9 na 6 kwanza, atoe 15 kwenye 24, apate 9. Na 3x nayo inampa 9. Kosa linajitolea ushahidi lenyewe!

Cha ajabu, GAZI haina madhara: ukigawanya kwanza kabla ya kuzidisha, jibu halibadiliki. Laiti aliyelitunga neno hili angemalizia na TOJU, tusingekuwa hapa. Tena vipeo, zile namba ndogo za juu kama ², havimo kabisa ndani yake, ndiyo maana 3x² na (3x)² watoto wanaziona kitu kimoja, wakati ya pili ni 9x².

Shida yangu hasa ni hawa wauza njia za mkato. Wiki moja wanakariri MAGAZIJUTO, wiki inayofuata ni “vuka ng'ambo ubadilishe alama”, yaani kuhamishia namba upande wa pili wa sawasawa. Niliwahi kumpa mwanafunzi arahisishe 5x − 7 + 2x. Akaniandikia 5x + 2x = 7, kisha x = 1, akapigia mstari kwa rula. Alama ya sawasawa kaitoa wapi? Swali halikuwa nayo. Nilitaka 7x − 7 tu, naye kanitafutia thamani ya x ambayo hakuna aliyeiulizia. Wazazi wanalipia hayo jioni, sisi tunayafuta asubuhi.

Kabla hujatoa ada ya mwezi ujao, mwandikie huyo mwalimu wa tuisheni 10 − 3 + 2 afanye mbele yako. Akisema 5, mpe kikokotoo.