Jibu: Zamu, watoto na masomo ya uongozi wa afya

Dada, umeuliza kama muuguzi mwenye watoto anaweza kurudi shule kusomea uongozi wa afya bila kuacha kazi. Anaweza, ila kabla ya kulipa ada ongea na msimamizi wako wa wodi kuhusu ratiba ya zamu. Ukitoka zamu ya usiku usijidanganye kwamba utasoma; lala kwanza. Darasani, kitakachokutoa jasho ni somo la bajeti, si uuguzi. Kwa utafiti wa masomo hayo, chukua tatizo la wodini kwako, mfano makabidhiano ya zamu yanayoacha dozi bila saini kwenye chati ya dawa. Ila omba mapema kibali cha maadili, yaani ruhusa ya kamati inayokagua utafiti kabla haujaanza, maana hicho kinaweza kukuchelewesha kuliko hata kuandika kwenyewe. Na kuosha vyombo nyumbani waachie watoto wakubwa.