Vumbi la saiti: kipimo kiwekwe langoni au kwenye ukosi wa fundi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia ujenzi wa nyumba ya ghorofa mbili Chumbageni, hapa Tanga. Mafundi wanakata matofali ya saruji na kuchanja kuta kwa grenda ili kupitisha mabomba ya umeme, na vumbi ni jingi kiasi kwamba jirani ameacha kuanika nguo mchana. Mwenye nyumba alileta mtu mwenye kifaa, akakiweka karibu na lango kwa nusu saa, siku moja baada ya mvua, kisha akasema hewa ni salama. Saidia fundi wawili wanakohoa tangu mwezi uliopita. Je, kipimo kile kinatosha? Na barakoa za kitambaa tulizonunua zinafaa?
Msimamizi, Chumbageni

JIBU: Ndugu Msimamizi, kipimo kile kimekueleza hali ya hewa ya langoni, nawe hukuajiri mtu wa kukata matofali langoni.

Vumbi linalomfanya jirani aanue nguo ni la chembe kubwa, ambazo nyingi hunaswa puani na kooni zikatoka kwa makohozi. La kuogopwa zaidi ni lile ambalo jicho halilioni, lenye chembe za chini ya maikromita 10 na hasa zile za 4 kushuka, ilhali unywele wa binadamu una unene wa maikromita kama 70. Mchanga uliomo katika tofali, zege na plasta una madini yaitwayo silika ya fuwele, na grenda inapopita juu yake kavu huisaga mpaka iwe laini kiasi cha kufika kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu, ambako huacha makovu yasiyofutika. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na aliye nao hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika hiyo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nimesikia mafundi wa huku wakijifariji kwamba Tanga ni nchi ya mawe ya chokaa. Ni kweli kwamba jiwe la chokaa, kama lile la mapango ya Amboni, kwa kawaida huwa na silika kidogo kuliko mchanga, lakini tofali lako limefyatuliwa kwa mchanga.

Kipimo kinachostahili kuaminiwa huvaliwa na fundi mwenyewe. Pampu ndogo hufungwa kwenye mkanda wake, mpira hupanda mgongoni hadi begani, na kichujio hubanwa kwenye ukosi, si zaidi ya sentimita 30 kutoka puani, kikiwa na kifaa cha kutenga chembe kubwa ili zipite zile laini tu. Pampu ikivuta lita 2.2 kwa dakika kwa saa 8, itakuwa imepitisha hewa inayozidi kidogo mita moja ya ujazo. Kichujio hupimwa uzito kabla na baada, kisha maabara hutafuta ni kiasi gani cha uzito ulioongezeka ni silika. Marekani, kwa kanuni ya 2016, kikomo ni miligramu 0.05 katika kila mita ya ujazo kwa wastani wa saa 8, na Uingereza ni 0.1. Miligramu 0.05 inakaribia uzito wa chembe moja ya chumvi ya mezani, kwa hiyo macho hayawezi kuwa mizani hapa. Vifaa vinavyosoma vumbi papo hapo kwa mwanga vina kazi yake, kwani hukuonyesha ni dakika ipi na kazi ipi inayotimua zaidi, ila haviwezi kutofautisha silika na vumbi lingine.

Siku nayo ina maana yake. Ardhi iliyolowa hukandamiza vumbi, na upepo wa bahari wa alasiri huipeleka kwa jirani hewa ambayo ungeipima kwako. Pimeni siku kavu, siku ya kazi nzito, na msimsahau saidia fundi anayefagia, maana mara nyingi hula vumbi kuliko mwenye grenda. Ombeni huduma hiyo kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, unaosimamia Sheria Na. 5 ya 2003.

Hata hivyo, msisubiri majibu ya maabara ndipo mwanze kuzuia. Matofali yakatwe kwa mashine yenye bomba la maji linalolowesha jiwe la kukatia wakati wote, si kwa fundi mwingine kumwaga kikombe kila anapokumbuka. Grenda ya kawaida ya umeme isimwagiwe maji kabisa, kwa kuwa inaweza kuua. Kwa kuchanja kuta, tafuteni grenda yenye kifuniko kilichounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi. Sakafu iloweshwe kabla ya kufagiwa. Barakoa za kitambaa hazichuji chembe hizi. Zinazofaa ni barakoa za kuchuja vumbi laini zenye alama ya daraja la N95 au FFP2 kwenda juu, nazo ni kinga ya mwisho baada ya maji na ufyonzaji. Tena haziwezi kubana vizuri kwenye uso wenye ndevu, jambo ambalo kwa mji wetu linahitaji mazungumzo ya heshima na si amri.

Wale wawili wapelekwe hospitali wiki hii. Silikosisi kwa kawaida huchukua miaka kujitokeza, hivyo kikohozi cha mwezi mmoja huenda ni mwasho wa vumbi, au ni kifua kikuu, ambacho kinatibika.

SWALI: Mume wangu ni saidia fundi. Kila jioni hunywa maziwa akisema yanasafisha kifua. Ni kweli?
Mama wa watoto wawili, Pongwe

JIBU: Dada yangu, maziwa huenda tumboni, hayapiti mapafuni. Ayanywe kama chakula. Umsaidie zaidi kwa kumwomba avue nguo za kazi nje na kuoga kabla ya kuwapakata watoto. Nguo hizo usizikung'ute. Zitumbukize kwenye maji kama zilivyo, na uzifue peke yake.