Mama Studio Anajibu: Lenzi Pana kwa Zorki ya Babu

*Kamwene mama, na shikamoo. Babu yangu alikuwa mwalimu, na ameniachia kamera ya Zorki-4 aliyorudi nayo kutoka masomoni Muungano wa Kisovieti. Ina lenzi moja tu, Jupiter-8 ya milimita 50. Nataka kumpiga bibi picha akiwa jikoni kwake hapa Kihesa, lakini kutoka mlangoni hadi kwenye mafiga ni mita tatu tu. Nikisimama mlangoni nampata ama bibi ama rundo la kuni na vyungu vyake, si vyote. Rafiki yangu anasema ninunue milimita 15 nimalize kazi. Mwingine anasema Jupiter-12. Nimeona pia lenzi za Voigtländer za 21, 28 na 35. Nichukue ipi?*
*Mjukuu wa Mwalimu, Iringa*

Marahaba, mjukuu wa mwalimu. Kwanza nakushukuru kwa kupima jiko. Kila wiki napata barua za "mama, nataka lenzi pana", na mwandishi haniambii anataka upana wa kitu gani.

Chukua hesabu hii, nilifundishwa nikiwa bado mfagiaji wa studio. Umbali uliosimama, zidisha kwa 36, gawanya kwa namba ya lenzi, yaani zile milimita zake. Hiyo 36 ni milimita za upana wa picha moja kwenye mkanda. Pale mlangoni kwa bibi, ile 50 yako inaona upana wa mita 2 na kidogo. Lenzi ya 35 inaona mita 3 na kidogo. Ya 28 inakaribia mita 4. Ya 21 inapita mita 5, na hiyo 15 ya rafiki yako inaona mita 7, yaani atakuwemo bibi, kuni, kuku, miimo yote ya mlango, na usipojihadhari hata ncha za viatu vyako. Bibi mwenyewe atakuwa mdogo kama punje ya ulezi katikati ya ungo.

Siitukani ile 15. Ilitoka mwaka 1999, wakati kampuni ya Cosina ya Japani ilipolifufua jina la Voigtländer, na watu walishangaa lenzi pana kiasi kile kuwa ndogo kama kikombe cha kahawa. Lakini ile ya kwanza, ya mdomo wa skrubu ambao ndio utaingia kwenye Zorki yako, haikuunganishwa na kipima umbali cha kamera, kile unachooanishia picha mbili dirishani mpaka ziwe moja. Unakisia umbali kwa macho. Tena tundu lake la kupitisha mwanga, likiwa wazi kabisa, ni f/4.5 (namba ya f ikiwa kubwa, mwanga ni mdogo), na mimi majiko ya kuni nayajua: mwanga unaingia kwa mlango mmoja, nawe ndiye umesimama hapo mlangoni.

Sasa nikuambie kitu ambacho wauza lenzi hawakisemi. Kamera ya renjifainda, yaani ya kipima umbali kama Zorki yako, haikuonyeshi inachokiona lenzi. Unatazama kupitia dirisha la pembeni, na dirisha hilo halijui umefunga lenzi gani. La Zorki-4 linaonyesha eneo la milimita 50, basi, halina hata mistari ya fremu. Hata kamera ya Kijerumani, Leica M3 ya mwaka 1954, ina mistari ya 50, 90 na 135; mwenye kutaka 35 ilibidi atafute namna nyingine mpaka M2 ilipokuja miaka michache baadaye. Kwa hiyo ukinunua lenzi pana yoyote, hesabu na dirisha la ziada la kuweka juu ya kamera, pale flashi inapokaa. Warusi walitengeneza moja la mviringo lenye vioo vitano vya kuzungusha: 28, 35, 50, 85 na 135. Linafanana na kifaa cha daktari wa macho, nalo ni zito, lakini kazi linafanya. Angalia namba zake vizuri: 21 haimo, wala 15. Ukichagua hizo, utatafuta dirisha la peke yake, na wakati mwingine dirisha linakugharimu kama lenzi yenyewe.

Na dirisha lililo juu lina ujanja wake. Linaona kutoka juu kidogo ya lenzi, kwa hiyo ukiwa karibu na mtu, ulichokiona juu dirishani lenzi haikioni. Mtu anakatwa kilemba. Ukiwa ndani ya mita mbili, acha nafasi juu ya kichwa cha bibi, zaidi ya unavyodhani inatosha.

Tuje kwenye 21, maana nina kisa nayo. Niliitumia kwenye sendoff moja hapa Mbeya, ukumbi mdogo, watu wengi, meza zimebanana. Nikasimama kwenye kiti nikawaingiza wote, nikajiona bingwa. Picha zilipotoka, waliokaa katikati walikuwa kama walivyo. Shangazi wa bibi harusi alikuwa ukingoni kabisa, na lenzi imemvuta: bega limekwenda mbali, shavu limekuwa papai. Alikuja studio na ile picha kwenye pochi. Hakusema neno. Aliiweka juu ya kaunta, akaigeuza inielekee, akanitazama. Nilimpiga upya bure, kwa 50, akiwa peke yake.

Lenzi haikuwa mbovu. Ikiwa pana kiasi hicho, na inyooshe mistari yote ya ukuta, lazima imtanue aliye pembeni, hakuna ujanja. Pia kona zake zinaingia giza: 21 ya muundo ule wa zamani wenye vioo vinavyofanana mbele na nyuma, kona inapata takriban robo tu ya mwanga wa katikati. Kwa mashamba ya chai ya Mufindi asubuhi giza hilo linapendeza. Kwa shangazi, hapana.

Zimebaki 28 na 35, na hapa ndipo pa kufikiri.

Jupiter-12 ni 35 ya f/2.8. Asili yake ni lenzi ya Biogon ya kampuni ya Zeiss ya Ujerumani, aliyoibuni Ludwig Bertele miaka ya 1930, na Warusi wakaendelea kuitengeneza baada ya vita. Mistari inanyooka vizuri kuliko unavyotarajia kwa lenzi ya mitumba. Ila umbo lake ni la ajabu: kioo cha mbele ni kidogo na kimezama ndani kama jicho la kinyonga, na nyuma ina makalio makubwa yanayoingia ndani ya kamera karibu kugusa pazia linalofunika filamu. Hilo linawezekana kwa sababu renjifainda haina kioo cha kuakisi kinachopanda na kushuka ndani, na ndiyo siri ya lenzi pana za kamera hizi kuwa ndogo. Kwenye Zorki yako itakaa bila shida, lakini kuna kamera nyingine ambazo makalio hayo yanagonga. Usiilaze mezani bila mfuniko wake wa nyuma, ule mrefu. Na ukiinunua bila mfuniko huo, kata kopo la filamu ufanye wako.

Kero yake moja utaijua siku ya kwanza: pete ya kubadilisha tundu iko mbele ndani, imezunguka kioo. Ukiweka kichujio huifikii. Mimi nilikuwa nafungua kichujio, napanga tundu, nafunga tena, na watoto waliokuwa wamepangana vizuri wameshakwenda kucheza.

Voigtländer ya 28 ya skrubu ni f/3.5. Ukilinganisha na f/2.8, hiyo inakupa chini kidogo ya theluthi mbili za mwanga. Nje hutaona tofauti. Jikoni utaiona. Lakini ina raha yake: weka f/8, elekeza umbali kwenye mita 3 na kidogo, na kila kitu kuanzia mita 1.6 hadi mlima Loleza wa hapa Mbeya kimetulia. Huhitaji hata kuoanisha zile picha mbili dirishani. Kwa 35 katika f/8 hiyo hiyo unaanzia mita 2.5, na ndani ya mita 2.5 ndimo maisha ya sokoni yalimo. Mimi kwa kutembea naichagua 28, siku zote. Kile kimondo cha Mbozi, chenye urefu wa mita tatu hivi, kwa 50 nilirudi nyuma mita nne na zaidi, mpaka kila mgeni akapita mbele yangu. Kwa 28 nilisimama mita mbili na nusu, nikapata na mikwaruzo yake.

Lakini wewe hukuniuliza kuhusu kutembea. Umeniuliza kuhusu bibi, jiko na mita tatu. Nunua Jupiter-12. Ukiwa mlangoni inaona upana wa mita tatu, mwanga inaupata, na inafika karibu mpaka mita moja. Ingia ndani ya jiko, kaa kwenye kigoda pembeni ili mwanga wa mlango upite, uwe mita moja na nusu kutoka kwa bibi. Filamu ya ISO 400, f/2.8, shata 1/30 ya sekunde, na usihofu hata 1/15, kwa sababu hakuna kioo cha kuruka ndani kuitikisa kamera. Bibi awe theluthi ya picha, moshi na vyungu vijaze kilichobaki. Ukiipenda kazi, 28 utaifuata mwakani, na lile dirisha la mviringo tayari lina namba yake.

Kabla hujamlipa mtu, mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Kwetu huku kuna ukungu wa aina mbili, wa asubuhi na wa kwenye vioo, na ule wa pili hauondoki jua likitoka. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, rudisha. Kisha ifunge kwenye Zorki uizungushe kutoka mita moja hadi mwisho, uone zile picha mbili dirishani zinakwenda nayo. Ukifika nyumbani, panga chupa tano za soda ukutani, kila moja imetangulia nyingine kwa vidole vinne. Lenga ya katikati kutoka mita moja, f/2.8. Safisha mkanda, tazama kwa kioo cha kukuzia. Kama iliyotoka kali ni ya pili au ya nne, lenzi na kamera hazijaelewana, na fundi anaweza kuzipatanisha.

Halafu kuna jua. Pazia la Zorki ni kitambaa. Niliwahi kuiweka yangu juu ya ukuta, lenzi wazi imeelekea angani, nikaenda kunywa chai. Picha zote za mkanda uliofuata zilikuwa na doa jeupe mahali pale pale, na fundi aliponifungulia nikaona tundu dogo lililoungua kama la sigara kwenye kanga. Mfuniko wa mbele usikae mfukoni. Na vuta filamu kwanza ndipo ubadilishe spidi ya shata, usifanye kinyume, vinginevyo utaharibu mashine aliyoitunza babu miaka yote hiyo.

*Mama, nina Yashica Electro 35. Nitapata wapi lenzi pana ya kubadilisha?*
*Dereva wa Bodaboda, Makambako*

Hutapata, kaka. Lenzi yake ya 45 imefungwa moja kwa moja, haitoki. Kulikuwa na kioo cha ziada cha kufunga mbele, kinachoishusha hadi karibu 38. Tofauti hiyo utaipata kwa kurudi nyuma hatua moja, bure. Fedha yako tafutia adapta ya betri, kwa sababu betri yake ya asili ya zebaki haiuzwi tena.

*Ugonile mama. Nimefunga lenzi ya zamani ya 21 kwenye kamera ya dijitali kwa adapta. Katikati ni safi, lakini pembeni kuna rangi ya zambarau na ukungu. Nimeuziwa mbovu?*
*Mwalimu wa Sayansi, Tukuyu*

Ugonile, mwalimu. Si mbovu. Lenzi hizo zilibuniwa kwa filamu, na filamu inapokea mwanga hata ukija kwa mlalo. Sensa, ile inayopokea picha mahali pa filamu, ni kama mashimo mengi madogo yaliyofunikwa kioo; mwanga wa mlalo unapotea njiani au unaangukia shimo la jirani, na lenzi ambayo makalio yake yako karibu na sensa ndiyo inayoleta mwanga wa mlalo kuliko zote. Ndiyo sababu ile 15 ya Voigtländer ilisanifiwa upya mwaka 2015, ikawa kubwa na nzito kuliko ya kwanza. Jaribu kufunga tundu hadi f/11, makali ya pembeni yatarudi kiasi. Zambarau haitatoka kwa tundu, ila ukiigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe haionekani. Na kwa mvua ya Tukuyu, iweke lenzi kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usitumie mchele, vumbi lake linaingia kwenye pete.