Unaandika juu ya nchi isiyo na upendo? Soma hili kwanza

Mswada wangu wa kwanza wa riwaya ulihusu nchi ambayo serikali imefuta upendo. Watu wanakula, wanakwenda kazini, wanalala, na hakuna anayempenda mwenzake. Nilimsomea shangazi sura tatu jikoni kwake Tukuyu, yeye akimenya ndizi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa hao watoto wachanga wakilia usiku, nani anaamka?"

Sikuwa na jibu, na mswada ukafia pale. Kama nawe unaandika hadithi ya namna hiyo, anza na swali la shangazi. Msomaji ataamini polisi wa siri na kamera kila kona. Binadamu asiye na mtu wa kumwonea uchungu hatamwamini, kwa sababu hajawahi kukutana naye.

Utawala wa kiimla hauwezi kuumaliza upendo. Unatafuta ulipo, halafu unaushika kama rehani. Mimi nilionja kidogo nikiwa shule ya bweni huku huku nyanda za juu. Barua zetu zilifunguliwa kabla hatujapewa, na wawili wakizoeana sana walitenganishwa mabweni. Mwezi wa saba, umande ukiwa umeganda kwenye majani, mwenzangu mmoja alikuwa akiniwekea kikombe cha maji ya moto ya kunawia chini ya kitanda, amekifunika na sahani. Hatukuwahi kulizungumzia. Siku moja niliitwa ofisini nimtaje anayetoroka usiku kwenda jikoni. Barua kutoka kwa mama, aliyekuwa amelazwa, ilikuwa mezani mbele yangu, na nikaambiwa itarudi kwenye droo nikinyamaza. Nilimtaja.

Nilimpenda yule rafiki, na nilimpenda mama. Ofisi ile haikuhitaji moyo mkavu ili inipate, ilihitaji huu huu nilionao.

George Orwell alilielewa jambo hili. Katika riwaya yake iitwayo 1984, iliyotoka mwaka 1949, Chama kinachotawala hakijapiga marufuku ndoa. Kinachokitaka ni kuiondolea ndoa furaha yake, na watoto wanafundishwa kuwachongea wazazi wao. Hata hivyo Winston, mhusika mkuu, bado anamkumbuka mama yake, jinsi alivyomkumbatia binti yake mgonjwa wakati hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Na wanapotaka kumvunja Winston kabisa, wanamfanya aombe mateso yake apewe Julia, mpenzi wake. Wasingefika huko kama hakumpenda.

Anayeona hayo ni ya vitabuni tu aisome Kamboja ya 1975 hadi 1979. Khmer Rouge, wakomunisti waliotawala wakati huo, waliwatenga watoto na wazazi, wakalazimisha watu kula pamoja, wakawaoza kwa makundi watu ambao wengine hawakuwa wakijuana. Usiku wanamgambo walijibanza chini ya nyumba kusikiliza kama maharusi wanatii amri ya kulala pamoja. Mwaka 2018 mahakama iliwatia hatiani viongozi wawili waliobaki, na ndoa hizo za lazima zilikuwa miongoni mwa makosa. Lakini utawala ule ulipoanguka Januari 1979, watu walitembea kwa miguu nchi nzima kuwatafuta ndugu zao. Miaka karibu minne ya kukatazwa, na jambo la kwanza walilofanya likawa hilo.

Kwa hiyo usiwape wahusika wako nyuso za mawe. Kila mmoja mpe mtu asiyeweza kumpoteza, kisha uijulishe serikali. Sheria zenyewe zitaje kwa ufupi. Kaa zaidi kwenye kikombe kilichofunikwa na sahani, na kwa yule anayekiona akanyamaza.

Mswada nimeuanza upya. Sasa unafunguka usiku, kwenye nyumba ya serikali ya kulelea watoto. Mtoto analia, na mlezi wa zamu anatazama mlango kwanza kabla hajamnyanyua.