Fundi wa Dizeli Anajibu: Mafuta ya chipsi kwenye tenki, na kodi za Uingereza

SWALI: Shikamoo Fundi. Naishi Leicester, nina van ya dizeli ya mwaka 2001 ninayosambazia unga, dagaa na vyakula vingine vya nyumbani. Shemeji yangu ana duka la chipsi, na kila wiki anabaki na ndoo za mafuta yaliyokwisha kukaangia. Jamaa mmoja ameniambia nikiyachuja vizuri nikayatia kwenye tenki, gari litakwenda na kodi ya barabara sitalipa tena. Mwingine anasema ni kosa, nitashikwa kwa kukwepa kodi. Nimsikilize nani?
Msomaji, Leicester

JIBU: Marahaba mwanangu. Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli, na tatizo linaanzia kwenye hilo neno kodi ya barabara. Tuliotoka Tanzania tumezoea mambo kuwa pamoja: mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Ukijaza tenki, umeshalipia. Uingereza ni kodi mbili tofauti, zinakusanywa na idara mbili tofauti.

Ya kwanza ni kodi ya gari lenyewe, inayolipwa DVLA, yaani mamlaka ya usajili wa magari, ile iliyokuwa na kibandiko cha karatasi kwenye kioo mpaka Oktoba 2014. Hii inafuata jinsi gari lilivyosajiliwa. Van ndogo ya mizigo kama yako ina kiwango chake cha mwaka, na hakuna anayeuliza umetia nini kwenye tenki. Kwa hiyo kodi hiyo utaendelea kuilipa kama kawaida. Huyo jamaa wa kwanza amekudanganya hapo, nadhani bila kukusudia.

Ya pili ni ushuru wa mafuta, unaosimamiwa na HMRC, mamlaka ya mapato, na huu ndio unaoguswa na ndoo za shemeji yako. Kila lita ya dizeli ya kituoni ina ushuru ndani yake. Machi 2022 ulishushwa kutoka peni 57.95 hadi 52.95. Zamani ukiendesha gari kwa mafuta ya kupikia ulidaiwa nawe. Mwaka 2002 kule Wales Kusini madereva walinaswa barabarani kwa sababu hiyo, na wakaguzi walikuwa wanafuata harufu ya chipsi kwenye moshi. Pengine rafiki yako wa pili anakumbuka habari za wakati ule. Sheria ilibadilika tarehe 30 Juni 2007: anayetengeneza au kutumia chini ya lita 2,500 za mafuta ya namna hii kwa miezi 12 hana haja ya kujiandikisha wala kulipa ushuru. Hizo ni kama lita 48 kwa wiki. Kwa kiwango cha peni 52.95, ushuru unaosamehewa ukikaribia kikomo hicho ni zaidi kidogo ya pauni 1,300 kwa mwaka. Kwa mtu mwenye van moja, hizo ni fedha za maana, na zimeachwa kwa makusudi kwa watu wadogo kama wewe. Zichukue kwa uhalali.

Uhalali wenyewe uko kwenye daftari. Nunua daftari la kawaida, uandike tarehe, mafuta yametoka wapi, lita ngapi zimeingia, lita ngapi umetia kwenye gari. Mkaguzi akija, daftari ndilo litakalokutetea. Ukiona mwaka unaelekea kuvuka lita 2,500, wasiliana na HMRC kabla hujavuka.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo linalowaponza wengi. Mafuta yakishamkaangia mteja, mbele ya sheria ni taka ya biashara. Shemeji yako haruhusiwi kumpa mtu yeyote tu. Anatakiwa amkabidhi mbebaji wa taka aliyesajiliwa, na abaki na karatasi ya makabidhiano. Ili wewe uwe mbebaji huyo, jisajili kwanza Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira. Ukitaka kuyageuza kuwa dizeli nyumbani, kuna kibali cha msamaha kinachoitwa T19, nacho kinaombwa hukohuko. Usipofanya hivyo, atakayeanza kuulizwa ni mwenye duka, na ugomvi wa ukweni hauna dawa ya haraka.

Sasa injini. Dizeli na mafuta ya mimea ni ndugu wa siku nyingi; kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 ilionyeshwa injini ya dizeli ikinguruma kwa mafuta ya karanga. Lakini mafuta ya kupikia yakiwa ya baridi ni mazito kuliko dizeli kwa zaidi ya mara kumi. Pampu inayavuta kwa shida, nozo zinashindwa kuyapuliza kama ukungu, yanaingia kwenye silinda kama matone. Matone hayaungui yote. Yanaacha masizi kwenye ringi, mengine yanateremka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuharibu oili. Nimefungua injini ya namna hiyo hapa karakanani Coventry: oili ilikuwa imeganda kama ugali wa jana, naikomba kwa kijiko. Gari lilikuwa linawaka vizuri tu wiki iliyotangulia.

Kwa hiyo cha kwanza, fungua boneti uangalie pampu. Van ya 2001 inaweza kuwa na pampu ya zamani ya kimakanika, au ikawa tayari ni komoni-reli, mfumo wa kisasa unaopuliza mafuta kwa shinikizo kubwa sana. Kama ni komoni-reli, usitie mafuta mabichi ya chipsi hata lita moja. Kama ni ya zamani, na hasa ikiwa ni pampu ya Bosch, inavumilia. Pampu za Lucas za miaka ile ni dhaifu. Asubuhi ya baridi zinavunjika ndani zikivuta mafuta mazito.

Cha pili, jua shemeji anakaangia nini. Maduka mengi ya chipsi, hasa kaskazini mwa Uingereza, hutumia mafuta ya ng'ombe, na mengine hutumia mawese. Hayo Januari yanaganda ndani ya filta na gari linazima katikati ya njia. Yanayofaa ni ya alizeti au ya rapa (rapeseed).

Cha tatu ni maji. Chipsi zinaacha maji kwenye mafuta, na maji yanaua pampu. Mimi napima hivi: kikaango kikavu juu ya moto, kijiko kimoja cha mafuta, kisha natulia na kusikiliza. Yakianza kupasuka-pasuka na kutoa vipovu kama mtu anayetupia kitunguu, maji yamo. Yapashe moto taratibu, yaache yatulie siku kadhaa kwenye pipa, uchote ya juu tu, uyapime tena.

Ushauri wangu ni kuyageuza kuwa dizeli kamili kwa methanoli, aina ya spiriti, na kostiki, ileile wanayotumia mama zetu kutengeneza sabuni. Methanoli ni kama lita moja kwa kila lita tano za mafuta. Kostiki inategemea mafuta yameungua kiasi gani, na ukiizidisha utapata sabuni kweli, pipa zima. Glisirini, mabaki mazito ya kazi hii, inazama chini, dizeli inabaki juu, unaiosha kwa maji na kuikausha. Ila methanoli usiizoee. Ni sumu, inapofusha macho, inapenya hata kwenye ngozi, na mwanga wa mchana moto wake hauonekani. Ifanyie nje, na glavu na miwani, mbali na watoto. Kama huna mahali pa nje, achana na jambo hili kabisa. Nakuomba kama mzee wako. Na kabla ya kuanza kuitumia, badilisha mipira ya zamani ya mafuta, maana dizeli hii inailainisha mpaka inavuja.

Usichanganye mafuta ya taa kuyafanya mepesi. Wapo watakaokushauri hivyo. Mafuta ya taa hapa yana nafuu ya ushuru na yamewekewa alama ya siri. Yakikutwa kwenye tenki la gari la barabarani, wanaweza kulichukua gari.

Mwisho, piga hesabu ya miji. Gari kuukuu linalokubali mafuta haya ndilo gari linalotozwa. Leicester huna shida. Ukiingia katikati ya Birmingham, van ya dizeli isiyofikia Euro 6, kiwango cha usafi wa moshi, inalipa pauni 8 kwa siku. London yote, tangu Agosti 2023, ni pauni 12.50. Kamera inasoma namba ya gari, haijui kama umetia dizeli safi uliyoitengeneza mwenyewe. Pauni 8 ni sawa na ushuru wa lita 15. Kama wateja wako wako Birmingham kila siku, faida inaishia langoni. Kama unazunguka Leicester na vijiji vyake, anza, mwanangu, tena anza kiangazi.

SWALI: Fundi, hapa Arusha oili chafu imejaa gereji, bei yake ni ya bure. Naweza kuichuja nikachanganya na dizeli kwenye Canter yangu?
Msomaji, Arusha

JIBU: Hapana. Mafuta ya kukaangia ni chakula kilichoungua. Oili chafu ni mafuta ya injini yaliyochakaa, yenye vumbi la chuma, zinki na masizi ambayo filta ya kitambaa haiyazuii. Canter itawaka, kisha nozo zitaziba na pampu italika, na pampu ya Canter unajua bei yake. Moshi wake unawaangukia watoto wanaopita barabarani. Halafu NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, wanaihesabu kuwa taka hatarishi: ipeleke kwa mkusanyaji mwenye kibali, na usiimwage mtaroni. Hata ile desturi ya kupaka mbao kuzuia mchwa, usiifanye karibu na kisima.